Siku Tuliyovaa Masweta Ufukweni

Tulimzika Mama Aikande kwao Marangu mwanzoni mwa mwaka huu, na nitasema ukweli, msiba ule ulikuwa na vicheko kuliko harusi nyingi nilizohudhuria. Alikuwa amevuka miaka tisini, akaondoka usingizini bila kumsumbua mtu. Baada ya mazishi tulirudi Kijenge, mjini Arusha, nyumbani kwake, tukajazana sebuleni na sahani za ndizi nyama mapajani, wajukuu wakitoa picha za zamani kwenye sanduku la bati na kuzipitisha mkono kwa mkono. Moja ikamfikia mjukuu wake anayesoma chuo kikuu, msichana mwenye maneno kama bibi yake. Akaitazama, akaigeuza nyuma, kisha akanitazama mimi. "Bibi Ruthi, huyu si wewe? Hapa ni wapi?" Nikamwambia ni Tanga. "Sasa kwa nini wote mmevaa masweta?" Sebule nzima ikanigeukia kusubiri jibu. Nikasema, "Tulidhani kuna baridi," na watu wakaangua kicheko ambacho hata mchungaji alishindwa kukizuia, akakimbilia kunywa maji.

Picha hiyo niliiomba, ninayo hapa mezani. Wanawake watatu tumesimama juu ya gati la mbao, maji chini yetu, jua kali mpaka macho yamefumba, na masweta ya shule yamefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Mama Aikande yuko kulia, amevaa bluu, ametoa kifua kama anapigiwa saluti. Mimi niko katikati na rangi ya damu ya mzee, na kushoto kwangu ni Ndeshi, kijani, amenishika mkono kwa nguvu kweli kweli. Yeyote akiiona atasema hawa wawili ni marafiki wa kufa na kuzikana. Kumbe saa ile Ndeshi alikuwa hajanisemesha kwa miezi miwili, na alinishika kwa sababu mbao zile zilikuwa na nafasi katikati, bahari inaonekana chini ya miguu, naye aliogopa kuanguka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Kikwe, kwetu Meru, nikaja Kijenge kujifunza kufuma masweta ya shule, na ya nyumbani kwetu nayaacha huko huko, hayahusiki hapa. Karakana ya Mama ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mashine mbili za kufuma zimefungwa kwenye meza ndefu, magunia ya nyuzi yamepangwa hadi dirishani. Vumbi la nyuzi liliingia kila mahali, kwenye chai, kwenye nywele, ukipenga kamasi unaona rangi ya shule uliyokuwa unaishonea siku hiyo. Nyuma yake palikuwa na chumba chetu mimi na Ndeshi, kitanda kimoja, blanketi mbili, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na sebule. Ukuta ule ndio ulionipa elimu. Jioni tulilala kimya tukimsikia Mama akibishana na walimu wakuu waliokuja kulalamika kwamba masweta yake ni makubwa mno. "Mwalimu," alikuwa anasema, "sweta la mtoto linatakiwa lidumu mpaka mtoto mwenyewe alichoke." Siku za soko tulipakia mafurushi tukapeleka Ngaramtoni, ambako wafugaji waliwanunulia watoto wao bila kujali hiyo ni sare ya shule gani. Mama aliwapenda sana. Alisema hao ndio wateja wa kweli, hawana habari na nembo, wana habari na baridi.

Ndeshi alikuwa binti wa jirani yake Mama kule Marangu, amenizidi miaka miwili, mrefu, mpole, mtu wa maneno ya kuhesabika. Alikuwa anafuma huku akisubiri kuitwa chuo cha uuguzi. Mimi sikuwahi kukaa kimya tangu nizaliwe, kwa hiyo tulifaana. Baridi ya Juni ikibana alikubali niweke miguu yangu ya barafu kwenye miguu yake, analalamika lakini haondoi. Asubuhi akichemsha maziwa, ule utando wa juu aliutoa kwa kijiko akaniwekea mimi kwenye kikombe, bila kusema kitu, kila siku ya Mungu. Nikifikiria leo, sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunipenda kwa kimya namna ile.

Sasa mimi nina kipaji kimoja, na ni balaa tupu: naiga watu. Nilimwiga mchungaji, nilimwiga kondakta wa basi la Moshi, nilimwiga Mama akipima mkono wa mtoto kwa shubiri, na wasichana waliokuja kujifunza kazi walikuwa wananiomba. Basi Ndeshi alikuwa amepata barua kutoka kwa kijana mmoja wa Moshi. Aliisoma mara moja, akatabasamu peke yake siku mbili, akaiweka chini ya godoro. Siku moja mvua inanyesha, hakuna mteja, Ndeshi ameenda dukani kununua mafuta ya taa, wasichana watatu wamekaa wanapiga miayo. Nikaingia chumbani, nikaitoa ile barua, nikapanda juu ya gunia la nyuzi nikaisoma kwa sauti. Tena si sauti yangu. Nilimpa yule kijana, ambaye sijawahi kumwona wala kumsikia, sauti ya mbuzi dume, na kigugumizi juu yake. Alikuwa ameandika kwamba kila akiona mtu amevaa sweta la kijani moyo wake unaruka. Hapo nililia kabisa kama mbuzi, nikaruka kutoka kwenye gunia. Wasichana walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Nilipogeuka Ndeshi alikuwa mlangoni, maji yanamtiririka, chupa ya mafuta mkononi. Aliiweka chupa chini taratibu, akaja akaichukua barua yake, akaikunja vile vile ilivyokuwa imekunjwa. "Asante kwa kunisomea," alisema.

Hilo lilikuwa neno la mwisho. Miezi miwili! Tulilala kitanda kimoja, tumepeana migongo, kila mtu na blanketi yake. Akiwa na shida na mimi alipitishia kwa wengine. "Mwambieni Ruthi sufuria inaungua," na Ruthi mwenyewe nimesimama hapo hapo na mwiko. Utando wa maziwa alipewa paka. Mimi niliyekuwa naongea hadi usingizini nilianza kusikia milio ya mashine kwa mara ya kwanza. Jioni moja nilimsikia Mama kupitia ukutani akimwambia mgeni wake, "Nina mashine mbili na wasichana wawili, na siku hizi zinazoongea ni mashine." Mgeni alicheka. Mimi nilivuta blanketi nikajifunika uso, nilikuwa nimeumia hasa.

Kisha barua ya chuo ikaja. Ndeshi amepata nafasi, na chuo kiko Tanga, aripoti baada ya wiki mbili. Nilihesabu siku, kichwa kikapata moto. Akiondoka hivi, nilijua ndio basi tena, atakuwa na marafiki wapya na mimi nitabaki kuwa yule mshenzi wa Kijenge aliyemdhalilisha. Nikamwendea Mama, nikamweleza yote. Alishajua, wasichana walimwambia siku ile ile. Akaniuliza kama nimeomba msamaha. Nikasema naogopa atakataa. "Basi chukua isale," akasema. Nilikuwa nimeyasikia masale tangu utotoni, yale majani marefu wanayopanda mpakani, lakini Mama alinieleza kama anayesoma sheria: kwao Uchaggani, ukimpelekea mtu isale limefungwa fundo, hata kama umemchomea ghala, hawezi kukukatalia. Akikukatalia ukoo mzima utamshangaa. Masikio yangu yalisimama hapo kwenye "hawezi kukukatalia". Hilo ndilo nililolitaka. Mama alikata jani moja kwenye ua wake nyuma ya nyumba, akalifunga fundo, akalizungushia gazeti lililoloweshwa. Na mimi, kwa woga wangu, nikaahirisha leo, nikaahirisha kesho, mpaka siku ya safari ikafika jani bado liko kwenye gazeti.

Mama aliamua tumsindikize Ndeshi wote wawili. Alikuwa amevuka hamsini, amezunguka nchi hii na mafurushi yake, bahari hajaiona. "Sitakufa bila kuona hayo maji wanayoyaimba," alisema. Kuhusu mavazi alipiga hesabu zake mwenyewe. Ziwa Duluti ni kiziwa tu, na ukisimama pale alfajiri meno yanagongana. Je, bahari, ambayo mwisho wake hauonekani? Hakuna aliyeweza kumpinga. Tulipanda basi na masweta yetu, mkungu wa ndizi, chupa mbili za chai na kikapu ambacho chini kabisa, chini ya ndizi za kuchemsha, kulikuwa na gazeti langu. Tulifika Tanga jioni tukilowa jasho. Tulipokelewa na binamu yake Mama mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, kama wanavyowaita wenye maduka wa Kichaga popote walipo. Mangi alitutazama tunashuka, akamwambia Mama, "Dada, shikamoo. Mnatoka Arusha au mnatoka kwenye friji?" Mama akamjibu kwamba sweta halivuliwi, watu wa Tanga nao waione kazi.

Siku ya pili Mangi alitupakia kwenye pikapu yake atutembeze. Ndipo tulipopigwa ile picha, asubuhi, kwenye gati la mbao linaloingia baharini. Mama alitembea hadi mwisho, akatazama mbele kwa muda mrefu, akauliza ng'ambo ni wapi. Mangi akasema ni India, lakini mbali. "Hata kama ni mbali," Mama akasema, "wangepanda kitu hapo katikati." Tulipita bustani zinazotazama bandari, tukakaa kwenye benchi tukanywa madafu, tukaondoka polepole kwenda Pangani kwa barabara ya vumbi, minazi na katani pande zote. Mimi na Ndeshi tulikaa nyuma ya pikapu na mzigo wa magunia matupu. Upepo ulikuwa mzuri, na Ndeshi alikuwa karibu kiasi kwamba bega lake liligonga langu kila kwenye shimo, na mimi mdomo umekauka kwa kumtafutia maneno.

Pangani Mangi alikuwa na nazi za kupakia, akatushusha ufukweni akasema atatukuta mjini. Bahari ilikuwa imekwenda mbali sana. Mbele yetu palikuwa na mchanga mtupu, bapa, unang'aa, hadi unachoka kutazama. Mama aliupima kwa jicho la mkulima. "Ekari zote hizi, na wanasema hawana mashamba!" Tukavua viatu, tukatembea mpaka kwenye tuta safi la mchanga karibu kabisa na maji, Mama akatandika kanga, akaweka kikapu na jozi zetu zote tatu za viatu, ili ndizi zipate ubaridi tukirudi tule. Mwanamke mmoja alikuwa anachimba chaza hapo karibu. Alitutazama akasema, "Mama, bahari inarudi hiyo." Mama akamshukuru kwa adabu zote, na tulipofika mbali kidogo akatuuliza, "Inarudi kutoka wapi? Kwani imesafiri?" Na sisi tukaona ana hoja. Kwetu Meru maji yakishapita kwenye mfereji yamepita, hujawahi kusikia yamegeuza njia kurudi mlimani.

Tukauzunguka mji miguu mitupu, kwa raha zetu. Tulipita kando ya mto kwenye ukuta wa mawe, tukatazama nyumba za zamani na milango iliyonakshiwa, Mama akiwasalimia watu wote na kuwageuzia mgongo waone mshono wa sweta. Mwenye hoteli mmoja alitupa wali wa nazi na samaki. Mama alikula kijiko cha kwanza kwa mashaka, akauliza haya ni maziwa ya ng'ombe gani, akala sahani mbili. Kisha akagundua pantoni inayovusha watu hadi Bweni, ng'ambo ya mto. Tulivuka tukarudi, akataka tena, tukavuka tukarudi. Mara ya pili nilimwona Ndeshi akicheka, amefunika mdomo kwa kiganja, nikafurahi kana kwamba nimemchekesha mimi. Nikajisemea, sasa. Tukirudi kwenye kikapu nitampa.

Tuliporudi ufukweni mchanga haukuwepo. Nasema haukuwepo. Maji yamefika karibu na minazi, yametulia tuli, na yule mwanamke wa chaza amekaa kivulini anatusubiri kwa hamu. Mama alisimama akashika kiuno. "Wamehamisha," akasema. Mangi, aliyekuwa amekuja kututafuta, akauliza wamehamisha nini. "Mahali," akasema Mama. "Mahali petu palikuwa pale." Mangi alipoelewa alikaa chini kwenye mchanga akacheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Mbali kule niliona kikapu kinaelea kimeinama, na ndani yake ndimo kulikuwa na kitu pekee ambacho kingemfanya Ndeshi asiweze kunikatalia. Nikaingia majini na sweta langu. Sijui kuogelea, Kikwe tungeogelea wapi? Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, sweta likanywa maji likawa zito kama mtu mzima amenidandia. Kikapu kikazama mbele ya macho yangu. Nikapiga hatua nyingine.

"Ruthi! Ruthi, rudi! Una wazimu?"

Ilikuwa sauti ya Ndeshi. Alikuwa ameingia majini mwenyewe hadi magotini, yule aliyeogopa nafasi za mbao, amenyoosha mkono. Akanivuta hadi nchi kavu, na kwa hasira akanitingisha. "Unafuata ndizi? Ufe kwa ajili ya ndizi?" Nikamwambia kwamba mle kulikuwa na isale. "La nani?" "Lako," nikasema. Akaacha kunitingisha. Mama alikuwa anakamua pindo la kanga yake pembeni, akasema bila hata kutugeukia, "Jani limekwenda. Basi tumia mdomo, si ndio ulioharibu?" Akamkamata Mangi mkono wakaenda kutafuta viatu.

Tulikaa juu ya ule ukuta wa mawe kando ya mto, mimi nachuruzika maji. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kwa wiki mbili na yote yalipotea. Nikasema tu kwamba nilimkosea, kwamba niliichukua barua yake nikaifanya mchezo, na sikuwa na sababu yoyote isipokuwa nilitaka wale wasichana wacheke. Nikamwomba anisamehe. "Ungenipa isale ningesema ndiyo hapo hapo," Ndeshi akasema, "na ningeendelea kukuchukia moyoni." Halafu akaanza kuongea, yeye mtu wa maneno ya kuhesabika. "Unajua kinachoniuma ni nini? Si kicheko. Watu hucheka. Ila kila nikiifungua ile barua sasa nasikia yule mbuzi wako. Yeye mwenyewe anaongea vizuri, Ruthi, ana sauti nzuri sana. Nimejaribu kumkumbuka anavyoongea, nashindwa. Nasikia mbuzi." Nilitamani ule ukuta upasuke uniingize ndani. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama amenisamehe. "Hapana," akasema. Kisha akaongeza, "Bado. Nikikusamehe nitakwambia. Usiniulize tena." Akanivua lile sweta, akashika ncha moja nikashika ya pili, tukalikamua, maji yakatumwagikia miguuni. Njiani kurudi Tanga tuliongea mambo ya kawaida, ya samaki, ya Mama na pantoni yake, na aliponiaga mlangoni pa chuo kesho yake alinikumbatia, lakini neno lile hakulisema. Nilirudi Kijenge miguuni nimevaa kandambili za Mangi.

Nilisubiri miezi mitano. Niliacha kuiga watu kabisa, mpaka wasichana wakadhani naumwa. Utando wa maziwa nilikuwa nautoa mwenyewe na haukuwa na ladha. Ndeshi aliandika mara mbili kwa Mama, na mwishoni alinisalimia kama anavyosalimiwa kila mtu, mimi nikarudia kusoma hizo salamu nikitafuta kitu ambacho hakimo. Yule kijana wa Moshi, niseme kabisa, baadaye alioa mtu mwingine, na hilo si kosa langu, nilishauliza. Ila wakati huo alikuwa bado anaandika.

Barua yangu ililetwa na kondakta mchana mmoja wa Februari, mashine zote mbili zinakwenda. Ilikuwa karatasi moja na mistari michache. "Ruthi, jana jioni nimeisoma ile barua kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimemsikia yeye tu, hata mahali pa sweta la kijani. Nikairudia kuhakikisha. Basi nimekusamehe, na nakusalimu sana." Nilikaa juu ya magunia ya nyuzi nikalia kwa sauti, kilio cha kweli, makamasi na yote. Mama Aikande akasimamisha mashine yake katikati ya mstari, akaja mbio akanishika mabega, akaniuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, Mama," nikamwambia. "Nimesamehewa."